Besi ya chumbani na besi ya jukwaani

Mwenyekiti, ndugu zangu wapiga besi, na nyinyi wa solo, ridhimu, kinanda na dramu mliokubali kukaa humu ndani, hamjambo. Ahsanteni kwa kunikaribisha. Ni mara chache mpiga besi anapewa kipaza sauti, kwa hiyo mtanivumilia nikizidisha dakika.

Mimi ni mpiga besi wa ridhaa. Mchana nina kazi nyingine kabisa, na siku za mazoezi napandisha spika ngazini kama nyinyi, goti likilalamika. Huu ni mwaka wa 22 nafanya hivyo. Miaka kama 8 ya mwanzo nilikuwa narudia kosa lilelile bila kulijua, tena nikilitolea fedha. Kosa hilo ndilo lililonileta hapa.

Onyesho langu la kwanza nililiandalia sauti wiki nzima, peke yangu, chumbani. Kwenye amplifaya nilipandisha besi, nikapandisha trebo, nikazishusha sauti za kati karibu na sifuri. Wenye ekwalaiza ya vitelezi mnaijua sura yake: pembeni juu, katikati chini, kama mtu anayetabasamu. Jamani, ilikuwa tamu! Kila noti ilitua na uzito wake na kumetameta juu yake. Siku ya onyesho sikugusa kitu, nikapiga nyimbo zote nikiwa na furaha ya bwana harusi. Tulipomaliza nikamfuata rafiki yangu aliyekuwa amesimama katikati ya ukumbi, nikiwa tayari kupokea sifa. Akaniambia, "Vidole nimeviona vinatembea. Ila nilichosikia ni kama lori limeegeshwa nje na injini haijazimwa."

Nikafanya tunachofanya sote. Nikaanza kununua. Amplifaya kubwa zaidi, gitaa lingine, kidubwana cha kukanyaga, kisha kingine. Lori likawa treni.

Tatizo la besi kutosikika, kwa kweli, ni la zamani kuliko gitaa tunaloling'ang'ania. Mtengenezaji wa magitaa aitwaye Leo Fender alipotoa gitaa lake la besi kule Marekani mwaka 1951, wapiga besi wa bendi walikuwa wakihangaika na lile besi kubwa la kusimama, kubwa kama kabati, ambalo likiwekwa kando ya dramu na tarumbeta halisikiki. Yeye akalifanya jembamba, la umeme, akalitia freti, vile vyuma vyembamba vilivyolazwa shingoni, ili noti itue mahali pake barabara. Ndiyo maana akaliita Precision. Kwa hiyo chombo chetu kilizaliwa ili kisikike, halafu sisi tunakaa chumbani kukizungushia vitufe mpaka kisisikike tena.

Sasa kwa nini sauti ya chumbani inatudanganya? Sababu ya kwanza ni masikio yenyewe. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Bell Labs, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halizisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba kutokuwa sawa huko hubadilika kulingana na ukubwa wa sauti. Kukiwa kimya kimya, sikio ni zito sana kwa sauti nene. Ukipandisha sauti, linazipata vizuri zaidi. Chumbani unapiga taratibu ili usiamshe majirani, unaona besi ni hafifu, unaiongeza. Ukifika jukwaani ukapandisha amplifaya, lile ulilojiongezea linakuja lote, na riba juu.

Sababu ya pili ni kwamba chumbani hukuwa na mtu wa kugombana naye. Uzi wa E wa besi ukiupiga wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, hezi 41. Chini kule dramu ya mguu nayo inaishi, kidogo tu juu yake. Na hapa naomba radhi mapema kwa ndugu zangu wa kinanda: mkono wenu wa kushoto pia unaishi kule. Mtu wa kinanda aliyezoea kupiga peke yake amezoea kujibebea besi yake mwenyewe, na hakuna amplifaya ya bei yoyote itakayomwokoa mpiga besi mwenye jirani kama huyo. Dawa yake ni maneno mawili ya upole kabla ya mazoezi. Mimi huwa nasema, "Dada, nikopeshe mkono wa kushoto wimbo huu mmoja." Hajawahi kuudai.

Kuna jambo wengi hatuambiwi kuhusu ile hezi 41. Spika nyingi tunazobeba hazina nguvu ya maana huko chini. Tunachosikia zaidi ni vizidishi vyake, hezi 82, 123, 164 na kuendelea, na ubongo wenyewe unajijazia ile ya chini iliyokosekana. Ndiyo sababu unaweza kuifuata besi ya wimbo kwenye spika ya simu ambayo haiwezi kabisa kutoa sauti nene kiasi hicho. Maana yake ni kwamba msikilizaji anaitambua noti yako kwa sehemu zake za juu, na nyingi za hizo ziko kwenye sauti za kati. Zile zile nilizokuwa nimezishusha mpaka sifuri. Nilibakiza mngurumo chini, nikabakiza mikwaruzo ya vidole juu, halafu noti yenyewe nikaitupa.

Kwa hiyo siku hizi nikifika mahali napeleka vitufe vyote katikati, kama mshale wa saa 6. Siongezi chochote mpaka bendi nzima ianze kupiga. Besi ikizama, naongeza za kati, mahali fulani kati ya hezi 250 na 800, kidogo kidogo. Ikiunguruma, napunguza chini kabla ya kufikiria kuongeza juu. Nawaonya tu: mkiisikia sauti hiyo peke yake itawaudhi. Inasikika kama mtu mwenye mafua. Ivumilieni. Dramu na magitaa yakiingia, mafua yanaisha.

Tena pimeni mkiwa mbali. Nina waya mmoja mrefu wa mita 10 ambao kazi yake ni hiyo tu. Bendi ikijaribu mitambo, mimi natembea nao mpaka ubavuni kwa fundi mitambo na kupigia hapo. Ukisimama hatua moja mbele ya spika iliyo chini usawa wa mashavu ya miguu, unayemsikia ni wewe peke yako duniani, tena unajisikia kwa magoti. Ukikosa waya mrefu, mwombe mtu asimame nyuma ya ukumbi arekodi kwa simu. Simu haitakuonyesha uzito wako, lakini itakwambia kama noti zako zinatambulika, na hilo ndilo tunalotafuta.

Chumba nacho ni mwanachama wa bendi, na hachangii kodi. Wimbi la hezi 41 lina urefu wa mita 8 na kitu. Chumba cha mazoezi chenye urefu wa mita 4 na kidogo kinameza nusu yake kamili, basi E yako inavuma ukutani na kupotea katikati ya chumba. Nimeona wapiga besi wakigombana kwa sababu hiyo: mmoja ameegemea ukuta anasema besi imezidi, mwingine yuko katikati anasema haipo, na wote wanasema kweli. Kabla ya kugusa kitufe, tembea. Isogeze spika. Iondoe pembeni kwenye kona kama inanguruma, kwa sababu kona huzikuza sauti nene. Kama sauti ni hafifu na huna umeme wa kuongeza, basi irudishe konani. Ni ekwalaiza isiyo na gharama.

Nimeona mkono pale. Ndiyo, kaka. Anauliza wati ngapi zinatosha.

Swali zuri, na jibu lake linawasikitisha wauzaji. Ukitoka wati 100 kwenda 200 unaongeza desibeli 3 (ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti). Utalisikia ongezeko, lakini si mara mbili hata kidogo. Ili watu waseme sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara 10. Spika yenyewe ina usemi mkubwa kuliko wengi tunavyodhani: spika inayozidi nyingine kwa desibeli 3 kwa kila wati imekupa faida ileile ya kununua amplifaya mara mbili ya uliyo nayo. Angalieni namba hiyo nyuma ya spika au kwenye karatasi zake. Kwa kumbi ndogo ambazo wengi wetu tunapiga, na dramu isiyopigwa kwa hasira, wati 200 au 300 na spika ya kueleweka zinatosha. Kampuni ya Ampeg ilitoa amplifaya yake ya SVT ya wati 300 mwaka 1969 kwa ajili ya majukwaa makubwa, na kichwa chake peke yake, yaani bila spika, kilizidi kilo 35. Leo amplifaya ya nguvu hiyo inaingia kwenye mfuko wa gitaa. Migongo yetu inashukuru.

Ila muwe waangalifu na omu, kipimo cha ukinzani wa umeme wa spika. Spika mbili za omu 8 zikichomekwa pamoja kwa njia ya kawaida zinakuwa omu 4. Ukiongeza ya tatu umeshuka chini ya 3, na amplifaya iliyoandikwa mwisho wake ni 4 itapata joto mpaka ijizime, au mpaka itoe moshi. Na waya wa kutoka amplifaya kwenda spika si waya wa gitaa, hata kama ncha zake zinafanana. Wa gitaa ni mwembamba ndani. Usiutumie hapo hata siku moja ya dharura.

Tuache umeme, tuje kwenye mikono, maana hapa ndipo miaka yangu 8 ilipopotelea hasa. Ningeambiwa nichague kitufe kimoja tu cha sauti, ningechagua urefu wa noti. Noti ya besi ina mwanzo, na wengi tumefundishwa kuijali hapo. Ina mwisho pia, na mwisho huo mara nyingi tunauacha ujifie wenyewe. Fanyeni jaribio hili na mpiga dramu wenu. Apige mdundo wa kawaida wa kuhesabu 4. Wewe piga noti moja tu kwenye 1, uiache ilie mpaka 1 nyingine. Kisha rudia, lakini safari hii izime noti pale pale anapopiga snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, kwenye 2. Legeza kidole cha kushoto bila kukiondoa kwenye uzi, basi. Hujagusa kitufe, yeye hajaongeza nguvu, lakini snea itasikika imekuwa kubwa na bendi nzima itaonekana imeamka. Ile nafasi uliyoiacha wazi ndiyo iliyofanya kazi.

Nyuzi usizozipiga nazo ni kazi. Zinaitika zenyewe, hasa E na A, na mtetemo wao ndio unaotengeneza ile supu tunayoilaumu amplifaya. Mimi nalaza dole gumba la kulia juu ya nyuzi nene ninapopiga nyembamba, linahama nami. Ilinichukua miezi kuzoea. Sijui pesa ngapi ningeokoa kama ningeanza na hilo.

Halafu kuna mahali pa kupigia. Karibu na shingo sauti ni nene na ya mviringo, karibu na brigi, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, ni kavu, ina makali. Na noti moja ina nyumba zaidi ya moja: ile E ya juu unaipata kwenye uzi wa E freti ya 12, uzi wa A freti ya 7, au uzi wa D freti ya 2. Ni noti ileile, lakini ya kwanza ina nyama nzito na ya mwisho iko wazi zaidi. Ubeti ukiwa mtulivu nakaa juu shingoni, kibwagizo kikija nashuka. Watu wanadhani nimekanyaga kidubwana.

James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi sana za kampuni ya muziki ya Motown mjini Detroit, alifanya kazi hiyo kwa kidole kimoja cha shahada, wenzake wakakiita Ndoano. Gitaa lake lililojulikana zaidi lilikuwa Precision la 1962, lenye nyuzi nzito bapa, zile laini zilizovikwa utepe usio na mikwaruzo, ambazo hakuwa na haraka ya kuzibadilisha. Studioni mara nyingi lilichomekwa moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia. Chukueni hesabu hiyo: kidole kimoja, nyuzi kuukuu, hakuna amplifaya. Upande wa pili John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, alitaka nyuzi mpya zenye mikwaruzo na mlio kama wa piano, na mpiga besi wa studio Carol Kaye alipiga rekodi zake za Los Angeles kwa piki. Kila mmoja alijua sauti yake inakwenda kukaa wapi ndani ya wimbo. Sidhani kuna aliyeitafuta kwa kukaa peke yake.

Dada pale nyuma anauliza besi ya nyuzi 5. Nunua kama nyimbo zako zinaihitaji. Ule uzi wa B unaoongezwa uko hezi 31, na nimeshawaambia spika zetu zinavyohangaika na 41 tu. Faida yake kubwa kwangu mimi ni kuipata E na F katikati ya shingo bila kukimbia mpaka mwisho. Kama sababu ni kwamba unaona wenzako wanazo, subiri.

Ukiniuliza fedha kidogo uliyo nayo iende wapi, kwanza lipeleke gitaa kwa fundi mzuri anyooshe shingo, ashushe nyuzi, arekebishe brigi mpaka noti ya freti ya 12 ilingane na mlio unaotoka ukiugusa tu uzi hapohapo bila kuukandamiza. Gitaa la kawaida lililotengenezwa vizuri linapiga kuliko la fahari lililopinda. Kisha kipima tyuni cha kukanyaga, ambacho pia kinakata sauti ukitaka kutyuni bila kuwatesa watu. Kisha mkanda mpana, bega ni lako. Waya wa akiba. Spika baada ya hapo. Gitaa jipya liwe la mwisho kabisa. Na wenye magitaa yenye betri ya wati... samahani, ya volti 9, chomoeni waya mkimaliza kupiga. Kwenye mengi ya hayo betri inaendelea kuliwa muda wote waya umechomekwa, hata kama gitaa limelala. Yangu ilikufa katikati ya wimbo wa mwisho, sauti ikaanza kukwaruza kama redio ya zamani, nikamlaumu fundi mitambo mbele ya watu. Nilimwomba msamaha wiki nzima.

Nikimtaja fundi mitambo: akitaka kuchukua sauti yako kupitia kisanduku cha DI, kinachounganisha gitaa moja kwa moja na mitambo, kabla haijapita kwenye amplifaya, mpe. Anachotaka ni besi safi aipange ukumbini. Vitufe vyako hapo jukwaani vinabaki vya kukusaidia wewe na mpiga dramu kusikilizana.

Na huyo mpiga dramu kaa naye karibu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ukisimama mita 10 kutoka kwake, mdundo wake unakufikia umechelewa karibu milisekunde 29. Wewe unafuata ulichosikia, yeye anakusikia ukiwa umechelewa tena njiani. Hamtaelewana, na hakuna mwenye kosa. Mimi nasimama upande wa haihati, yale matoazi mawili ya kukanyaga, nikiweza kuugusa mguu wake.

Ila vaeni vizibo vya masikio. Desibeli 100, ambazo chumba kidogo chenye dramu kinazifikia bila jasho, kiwango cha usalama cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, kinazipa dakika 15 tu kwa siku. Mazoezi yetu ni saa 2 au 3. Mimi nilianza kuvaa nimechelewa, na sikio la kushoto, lile la upande wa matoazi, linanililia usiku.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sawa. Kaka wa dramu, njoo ukae. Dada wa kinanda, nikopeshe ule mkono. Tutapiga kipande kimoja mara mbili, kwanza na sauti yangu ya chumbani ya miaka ile, halafu na hii yenye mafua. Nyinyi msibaki hapa mbele. Nendeni mkasimame kule nyuma ya ukumbi, mlangoni.